Kuanzisha ligi ya karata za watoto mtaani: maelezo kutoka baraza moja la Ngamiani

Kabla hujatafuta karata hata moja, nenda kwa watu watatu: mwenyekiti wa mtaa, ustaadhi wa chuo cha Kurani kilicho karibu, na mwenye baraza la nyumba mtakapochezea. Hapa kwetu Tanga mzazi akisikia mwanawe anakwenda kucheza karata, kinachomjia kichwani ni wanaume chini ya mwembe, turufu mezani na noti imebanwa chini ya kikombe cha kahawa. Asisikie kwa jirani. Asikie kwako, tena mapema.

Mimi nina duka la steshenari na fotokopi kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani. Watoto wa mtaa wananiita shangazi, na ligi yetu inachezwa kwenye baraza la nyumba ya jirani yangu kila Alhamisi jioni. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kufanya hivyo Chuda, Makorora, Pangani au popote pale, bila duka kubwa la michezo wala mfadhili.

Karata zenyewe hazina kopa wala shupaza. Kila mchezaji anakuja na seti aliyoipanga mwenyewe: viumbe wa kupigana, nishati za kuwapa nguvu, na karata za msaada. Mchezo uliofungua njia ni Magic: The Gathering, uliotoka Marekani mwaka 1993, aliyeubuni ni Richard Garfield, mtu wa hesabu. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, na ndiyo watoto wengi wanayoijua kwa sababu ya katuni. Mkusanyo wetu ulianza na karata zilizokuja kwenye begi la shemeji yangu kutoka Muscat.

Sasa turudi kwa wazazi, maana ligi inafia hapo kuliko pengine popote. Waambie mambo mawili kabla hawajakuuliza. La kwanza: kwenye kanuni za mwanzo za Magic kila mchezaji alikuwa anaweka karata yake moja rehani, na mshindi anaondoka nayo. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na kwenye ligi yako usiwepo kabisa, hata kwa mzaha. La pili: mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuzuia Pokémon, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kufanana kwake na kamari. Wenye ndugu Arabuni wanaijua habari hiyo. Ukijifanya hujaisikia, utaonekana una la kuficha.

Ustaadhi wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: zawadi inatoka mfukoni mwa nani? Nikamjibu kwamba hakuna mtoto anayetoa kiingilio, na zawadi nanunua mimi dukani kwangu. Akasema hapo sasa tunaweza kuzungumza. Kwa hiyo usitoze kitu, hata shilingi 200. Kama watoto wanahitaji maji, mzazi mmoja alete dumu kwa zamu. Kwa mwenyekiti wa mtaa nilipeleka barua ya ukurasa mmoja: siku, saa, mahali, majina ya watu wazima wawili watakaokuwepo, na sentensi moja kwamba hapachezwi kwa fedha. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mwenyekiti anapenda kuona kwamba unalijua hilo.

Kuna familia mbili ambazo mpaka leo hazitaki Pokémon, na watoto wao wako kwenye ligi. Nitafika huko.

Siku na mahali

Tulichagua Alhamisi kwa sababu vyuo vya mtaani kwetu vinafunga Alhamisi jioni na Ijumaa. Jumamosi, ambayo kila mtu anadhani ni siku huru, nusu ya watoto wako chuoni asubuhi na nusu nyingine wanafua sare. Uliza vyuo na makanisa ya mtaani kwako ndipo upange. Sisi tunaanza saa 10 jioni na kuvunja kabla ya magharibi. Baada ya hapo mwanga hautoshi kusoma maandishi madogo ya karata, na mama zao wanaanza kuita.

Baraza ni pazuri kwa sababu pako wazi, kila apitaye na baiskeli anaona watoto wanafanya nini. Tatizo lake ni upepo. Kusi ikivuma, karata zinaruka hadi mtaroni. Dawa tuliyoipata ni mbao za keram. Karibu kila baraza ina moja, ina kingo pande zote nne, na watoto wawili wanakaa vizuri uso kwa uso. Ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ile poda ya kutelezeshea kete inaingia kwenye karata na haitoki. Wasio na ubao wanatumia sinia.

Unyevu wa pwani nao unapinda karata, hasa zile zinazong'aa. Ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vijipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na tafadhali usipige laminesheni karata halisi. Mashine ya kazi hiyo iko kwangu na naishi kwayo, lakini wateja wa namna hiyo nawarudisha. Karata inakuwa nene, inateleza, haichangiki na wenzake, na hakuna tena atakayekubali kubadilishana nayo.

Sanduku la ligi

Hiki ndicho ninachokishikilia kuliko vyote. Ligi iwe na seti zake yenyewe, zilizopangwa na wewe, zenye nguvu zinazokaribiana, ambazo haziendi nyumbani kwa mtu. Mechi za alama zichezwe kwa seti hizo tu. Karata za mtoto mwenyewe ni za kubadilishana na za mechi za kirafiki. Bila hivyo, mtoto mwenye baba mdogo Uingereza atashinda kila wiki, na mtoto wa muuza mihogo ataacha kuja. Tena hatakuambia kwa nini.

Kanuni kamili ya Pokémon inataka seti ya karata 60, na jina moja lisizidi mara 4, isipokuwa nishati za kawaida. Unaanza na karata 7 mkononi na unaweka 6 pembeni kama zawadi. Kila ukimwangusha kiumbe wa mwenzako unachukua moja, na anayemaliza zake kwanza ndiye mshindi. Kwa watoto wa mtaani nusu yake inatosha: karata 30, jina moja lisizidi mara 2, zawadi 3. Seti moja ya dukani inakuzalia mbili, na mechi inakwisha ndani ya dakika 20. Mgawanyo ninaoutumia ni viumbe 12, karata za msaada 8, nishati 10. Nishati ziwe za aina moja kwa kila seti, mtoto asikwame na za rangi nyingine mkononi.

Utakapoanza kuchambua ulichopata, utagundua jambo linalokera. Watoto wanatunza viumbe wakubwa wanaong'aa na kupoteza wadogo. Lakini kiumbe wa hatua ya pili, yule aliyekua kutoka kwa mdogo, hawezi kuingia mezani mpaka yule wa mwanzo awepo kwanza. Mvulana mmoja alinikabidhi bahasha nzito, kwa fahari kabisa, na ndani hamkuwa hata na kiumbe mmoja wa kuanzia. Kwa hiyo chambua hivi: toa wa mwanzo wote, waweke fungu lao, kisha tafuta wakubwa wanaowafuata. Mkubwa asiye na mdogo wake anakwenda kwenye fungu la kubadilishana.

Wa mwanzo wawe wangapi? Lazima uwe na mmoja katika zile 7 za kwanza. Usipokuwa naye unaonyesha mkono wako, unachanga upya na kulamba, yaani kuchukua, 7 nyingine, na mwenzako anaruhusiwa kulamba moja ya ziada. Ukiweka 4 tu kwenye seti ya 30, karibu mara moja kati ya tatu mtoto atalamba mkono mtupu. Ukiweka 8, inakuwa kama mara moja kati ya kumi na mbili. Weka 8. Mtoto wa miaka saba akichanga upya mara tatu mfululizo mbele ya wenzake anaanza kulia, na ana haki.

Ukimaliza kupanga, zicheze zenyewe kwa zenyewe usiku mmoja na mtu mzima mwenzako. Seti inayoshinda kila mara, itoe karata yake kali zaidi.

Seti za samaki

Zile familia mbili ndizo zilizoleta wazo hili, na kusema kweli siku hizi ndizo seti zinazogombaniwa. Ni mchezo uleule, kanuni zilezile, ila badala ya viumbe wa Kijapani kuna samaki wa bahari yetu, wamechorwa na watoto wenyewe kwenye manila.

Karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88. Karatasi moja ya A4 inatoa 9, tatu kwa tatu, na bado inabaki kingo. Seti ya 30 inahitaji karatasi 4. Manila ziwe za rangi moja na za pakiti moja, ili mgongo wa karata usimwambie mtu kilichopo mbele. Kata kwa kisu na rula ya chuma. Mkasi unapinda, na karata iliyopinda inajulikana hata ikiwa imefunikwa. Hizi, ukitaka, zipige laminesheni, lakini seti nzima kwa pamoja. Mtoto mmoja baba yake hapendi picha zenye macho, yeye anaandika jina kwa hati kubwa na kulipamba kwa mawimbi. Inachezeka vilevile.

Uwezo wa kila samaki watoto wanautoa kwenye wanayoyajua. Dagaa ana uhai mdogo, lakini pigo lake ni 10 kwa kila dagaa aliye mezani. Taa anajifukia mchangani, kwa hiyo zamu moja hapigiki. Pweza akipigwa anamwaga wino, mpigaji anarusha dadu, namba ya witiri pigo limekosa. Kibua anakuwa chambo: unamtupa, unamleta nguru kutoka kwenye seti. Na kuna silikanti, mmoja tu kwa kila seti. Dunia ilidhani samaki huyu alikwisha zamani za dinosauri, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa hapa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za maji marefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kwenye karata yetu uwezo wake ni kwamba akitupwa anarudi mara moja tu. Aliyeupendekeza ni msichana wa darasa la tano, na hakuna aliyempinga.

Karata za Pokémon sizipigi fotokopi, hata mtoto akinibembeleza. Picha ile ina wenyewe. Kama seti imepungukiwa nishati, mtoto anachora yake kwa mkono kwenye manila, na inatosha kwa mchezo wa barazani.

Kufundisha

Usisome kanuni kwa sauti. Cheza mechi moja karata zote zikiwa wazi mezani, wewe na mtoto mmoja, wengine wamezunguka. Sema unachofanya: nalamba moja, naweka kiumbe benchi, nampa nishati moja, napiga. Benchi, yaani safu ya viumbe wa akiba, haizidi 5, nishati ni moja kwa zamu, anayeanza hapigi katika zamu yake ya kwanza. Mengine yatajitokeza yenyewe.

Maandishi ni ya Kiingereza, na mtoto wa darasa la tatu katika shule za hapa kwetu hayafuati. Maneno yanayojirudia si mengi. Nimeyaandika kwenye bango moja kwa Kiswahili: lamba, tupa, changa, rudisha mkononi, badilisha na wa benchi. Bango linatundikwa ukutani kila Alhamisi. Baada ya mwezi hakuna anayelitazama.

Majeraha tunahesabu kwa kete za bao. Komwe moja ni 10, kifuniko cha soda ni 50. Mtoto aliyekuwa anahesabu kwa vidole 120 toa 30 sasa anakunyang'anya komwe kabla hujamaliza kusema. Pale karata inapotaka kurusha sarafu, sisi tunarusha dadu ya ludo: shufwa ni kichwa, witiri ni mwenge. Sarafu barazani, mbele ya watoto, mpita njia ataona pata potea.

Kuchanga nako kufundishwe. Watoto wanapenda kukunja karata na kuzifyatua kama wanavyoona baba zao wakifanya. Karata za shilingi elfu kadhaa zinakunjika zote. Zimwage chini kifudifudi, zikoroge kwa viganja, zikusanye, mwenzako akate.

Ratiba

Wakiwa 8, kila mmoja akutane na kila mmoja: mechi 28, raundi 7. Raundi mbili kwa Alhamisi moja, ndani ya mwezi umemaliza. Huhitaji kompyuta. Waketishe safu mbili zinazotazamana, wanne kwa wanne. Mtoto mmoja anaganda mahali pake, wengine wote wanasogea nafasi moja kufuata mzunguko wa saa baada ya kila raundi. Wakishamaliza raundi 7 wamekutana wote. Wakiwa 7, nafasi ya nane ni tupu, na anayeikabili anakuwa mwamuzi wa raundi hiyo.

Wakizidi 12, utaratibu huo unachosha. Hapo tumia mtindo wa Uswisi, ambao ulitumika kwenye mashindano ya sataranji ya Zürich mwaka 1895: raundi ya kwanza kwa kura, kisha wenye alama sawa wanapambanishwa, na waliokwisha kutana hawarudiani. Watoto 16 wanahitaji raundi 4. Anayekosa mpinzani anapewa ushindi, lakini mtoto mmoja asikae hivyo mara mbili.

Alama ni 3 kwa ushindi, 1 kwa sare na 0 kwa kufungwa, kama ligi ya mpira. Mtoto wa Tanga anayejua Coastal Union iko nafasi ya ngapi hahitaji maelezo. Mimi naongeza alama 1 ya kufika na kumaliza mechi zote bila kususa. Wapo wanaosema hilo ni kudekeza. Mimi nasema waje wao wasimamie baraza Alhamisi moja. Muda ukiisha, zamu inamalizwa, aliyechukua karata nyingi za zawadi ameshinda, zikilingana ni sare. Wakifungana alama mwisho wa msimu, tazama nani alimfunga mwenzake. Ikishindikana, na mlicheza kwa mtindo wa Uswisi, jumlisha alama za wapinzani wote wa kila mmoja.

Kubadilishana

Hapa ndipo penye raha na ndipo penye ngumi. Pembeni mwa karata za Pokémon kuna alama ndogo: duara ni ya kawaida, umbo la uru ni ya wastani, nyota ni adimu. Mvulana wa darasa la sita alichukua karata ya nyota kwa mdogo wa darasa la pili na kumpa nne za duara, akamshawishi kwamba nne ni nyingi kuliko moja. Kwa hesabu hajakosea. Asubuhi yake mama wa mdogo alikuwa dukani kwangu kabla sijafungua mlango wa pili.

Tangu hapo kuna daftari. Kubadilishana ni baada ya mechi tu, mezani kwangu, mmoja baada ya mwingine. Tunaandika tarehe, karata iliyotoka, karata iliyoingia, na kila mtoto anaandika jina lake kwa mkono wake. Yeyote anaweza kughairi mpaka Alhamisi inayofuata, bila kutoa sababu, na karata zinarudi kama zilivyokuwa. Wa chini ya miaka kumi anakuja na dada, kaka au mzazi. Kuuza kwa fedha hakuna, na bei za kwenye simu hazisomwi barazani. Wakiniuliza thamani ya karata, jibu langu ni lilelile: inakusaidia kushinda nini?

Karata bandia zitakuja, hasa zile za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa boksi. Tazama mgongo wake na karata unayoiamini ukiwa umeziweka bega kwa bega. Bandia rangi yake mara nyingi imepauka au imezidi. Tazama ubavuni: halisi ina mstari mwembamba mweusi katikati ya karatasi. Soma maandishi, makosa ya tahajia yanajionyesha. Ukiibaini, mwite mtoto pembeni umwambie. Kuna mtu alimnunulia kwa nia njema. Anaruhusiwa kuichezea mechi za kirafiki. Kwenye daftari la kubadilishana haiingii.

Ubishi wa kanuni unaamuliwa na mwamuzi wa raundi, kisha mimi, na uamuzi unaandikwa nyuma ya daftari hilohilo ili wiki ijayo usibadilike kwa sababu aliyebisha ni mwanangu.

Zawadi na kufunga msimu

Kila aliyemaliza msimu anapata kitu kimoja cha dukani: daftari, penseli za rangi, karatasi za manila. Bingwa anakuwa wa kwanza kuchagua seti ya kuchezea msimu ujao, na jina lake linaandikwa ndani ya mfuniko wa sanduku. Picha za watoto sizipandishi mtandaoni, na mzazi anayetaka ya mwanawe anapiga ya mwanawe peke yake.

Panga misimu kwa kalenda ya shule. Septemba darasa la saba wana mtihani, na waamuzi wako wazuri wote wako humo. Masika tunasimama, maana baraza linalowa. Kabla ya kufunga, hesabuni seti zote mbele ya watoto, karata kwa karata, na zilizopungua ziandikwe kwenye karatasi inayobaki ndani ya sanduku. Shemeji akipiga simu kuuliza alete nini safari hii, namsomea karatasi hiyo, nikianzia na viumbe wa mwanzo.